Chupa ya kitunguu saumu na mshale wa babu

Baba alirudi kutoka hospitali baada ya mshtuko wa moyo akiwa na vidonge vya aina tano. Kesho yake Mama Kadzo, jirani yetu, akaleta chupa: kitunguu saumu, tangawizi, ndimu na asali. "Hii inazibua mishipa," akasema. Wiki ya tatu nikafungua kile kikasha cha vidonge cha siku saba. Jumatatu hadi Alhamisi havijaguswa.

"Mwanangu, zile ni kemikali. Hii ni miti."

Nauza dawa hapa Kilifi mwaka wa kumi na moja sasa, na maneno hayo nayasikia kila siku. Yakitoka kwa baba mzazi ndipo yanapouma. Nikaona nisibishane, nimuulize habari za babu.

Babu alikuwa mwindaji, Mgiriama wa kule ndani. Alichemsha vijiti na magome ya mtsungu kutwa nzima hadi yakawa meusi kama lami, akapaka mishale. Baba ndiye aliyetumwa kuni, na mwenye kidonda hakuruhusiwa kusogea.

"Mnyama akichomwa, alikufa kwa nini?"

"Moyo. Unasimama."

"Na ule haukuwa mti?"

Akanyamaza.

Ndani ya mti ule mna kitu kiitwacho wabaini, jina lililotokana na neno la Kisomali la sumu ya mishale. Arnaud, mkemia wa Kifaransa, alikitenga katika karne ya 19, na baadaye madaktari Ujerumani wakawa wanawadunga nacho, kidogo mno, wagonjwa ambao mioyo yao imechoka. Ndugu yake, digoksini, ninayo rafuni hadi leo. Hiyo asili yake ni ua la jamii moja na lile ambalo Withering, daktari Mwingereza, aliliandikia kitabu mwaka 1785. Haitibu mshtuko wenyewe, lakini Baba alielewa nilikokuwa nakwenda.

"Na nyama mlikula?"

"Tulikula vizuri sana."

Hapo ndipo penye utamu. Sumu ikiingia kwenye damu inaua, ikipita tumboni ni kidogo tu inayofika. Manjano nayo hivyohivyo. Kurkumini yake imepunguza majeraha ya moyo kwa panya wa maabara, watu wakaisambaza kwenye WhatsApp, ilhali mtu akiila sehemu kubwa haifiki kwenye damu. Kuna panya, kuna dozi, kuna njia ya kuingia, halafu kuna Baba na kijiko chake cha mchuzi.

Akauliza aspirini, mojawapo ya vidonge vyake, ni mti gani. Nikamwambia ilianzia kwenye gome la mti wa nchi za baridi. Siku hizi inatengenezwa kiwandani. Utafiti mkubwa wa 1988 uliwachukua wagonjwa 17,187 walioshukiwa kupata mshtuko. Kwa wiki tano, waliokufa kwa moyo na mishipa walikuwa karibu 12 katika kila 100 bila aspirini, na wenye aspirini zaidi kidogo ya 9. Gome lenyewe halijawahi kupimwa hivyo, wala chupa ya Mama Kadzo.

Hata kupimwa hakumalizi maneno. Kolkisini, dawa ya zamani ya jongo itokayo kwenye ua la Ulaya, ilipunguza matukio mapya ya moyo na mishipa mwaka 2019 kwa wagonjwa 4,745 waliotoka kupata mshtuko, dozi ya nusu miligramu kwa siku. Mwaka 2024 utafiti wenye watu zaidi ya 7,000 haukuona faida. Mimi ningengoja.

Chupa sikuimwaga, Mama Kadzo angeninunia hadi Krismasi. Nilichomwomba Baba ni aache kunywa glasi nzima, maana kitunguu saumu kingi juu ya aspirini na klopidogreli, vidonge vyake viwili vya kuzuia damu kuganda, kinaweza kuongeza kutokwa damu. Sasa Mama anakitia kwenye mchuzi wa samaki, na chumvi amepunguza.

Jana Baba alimpigia simu ndugu yake kule nyumbani, akamuuliza kama ule mtsungu wa nyuma ya zizi bado upo. Upo. Akamwambia awakataze watoto kuvunja vijiti vyake, kisha akaniita nimletee maji, saa mbili ya usiku, wakati wa vidonge.