Mikono yake ilikuwa wapi? Ninavyosimamia ushauri nasaha wa familia za wanajeshi

Ushauri unaoniudhi kuliko wote katika kazi hii ni ule wa "waite wote wawili, wakae chini, wayamalize." Wazee wanausema, wachungaji wanausema, na hata washauri wenye shahada ya uzamili huja nao siku ya kwanza kazini. Kwenye nyumba yenye kipigo, hapana. Mke akisema ukweli mbele ya mume saa nne asubuhi, jioni wanarudi nyumba ileile na mlango unafungwa. Akinyamaza, mume anaondoka akijua kwamba hata mshauri hakuona tatizo. Kwangu kila mmoja ana mshauri wake na siku yake. Jumatatu na Jumatano ni za waliopigwa, Jumanne na Alhamisi ni za waliopiga. Zamani tulikuwa tunawapishanisha kwa saa tu, na saa haitoshi: mtu anafika mapema, anakaa ndani ya gari pale maegeshoni, anamsubiri.

Ninasimamia washauri wa Family Advocacy Program, FAP kwa kifupi, mpango wa jeshi la Marekani unaoshughulikia ukatili wa majumbani na wa watoto katika kambi zake. Familia hailipi chochote. Nitasema "mke" kwa kuwa ndio wengi wanaotufikia, lakini wapo waume wanaopigwa, na wapo wenye sare wanaopigwa na wenza wao raia.

Kosa la mshauri mgeni ni kuanza na "niambie kilichotokea." Kabla mama hajafungua mdomo, anatakiwa ajue njia mbili zilizopo tangu 2006. Kuna taarifa ya siri: anapata ushauri, matibabu na mtetezi wa wahanga, bila kamanda wala polisi kuambiwa. Na kuna taarifa ya wazi: kamanda anajua, uchunguzi unaanza. Ya siri anaweza kuifungua wakati wowote, ila ya wazi hairudi kuwa ya siri. Mtoto akiwa ameumizwa, siri haipo. Maisha yakiwa hatarini sasa hivi, siri haipo. Jirani akiwa ameshapiga simu polisi, siri imeshavuja kwa mlango mwingine. Na yapo majimbo, California mojawapo, ambako daktari anayetibu jeraha la kipigo analazimika kutoa taarifa polisi, kwa hiyo haya ayasikie kabla hujampeleka hospitali. Namtaka mshauri ayaseme kwa mdomo, polepole, halafu amwombe mama arudie kwa maneno yake mwenyewe. Karatasi iliyosainiwa bila kueleweka haimlindi mtu.

Sasa nije kwenye jambo lililonigharimu miezi. Nilitengeneza fomu ya ukurasa mmoja: alisukumwa, alipigwa kofi, alikabwa, alitishiwa kwa silaha, ndiyo au hapana. Ilikuwa rahisi kujaza na rahisi kukagua. Baada ya muda nikaona faili baada ya faili kwenye kukabwa pameandikwa hapana, wakati maelezo ya chini yanasema mama amekuja sauti imekauka na shingo inamuuma. Fomu ilikuwa inauliza neno, na neno lenyewe akina mama hawalitumii. Kwao kukabwa ni kwa majambazi, si kwa mume. Wanasema "alinishika tu." Wanasema "aliniminya hapa." Na wanaozungumza Kiswahili wanaanza na "tuligombana," neno linalobeba kila kitu kuanzia kupandishiana sauti hadi kuvunjwa mbavu. Mkalimani anatafsiri kwamba walibishana, mshauri anaandika mabishano, na hatari inafunikwa mezani petu sisi wenyewe.

Fomu nikaitupa. Badala yake kila mshauri wangu anauliza viungo vya mwili. Mikono yake ilikuwa wapi? Yako ilikuwa wapi? Mgongo wako uligusa nini, ukuta, kitanda, sakafu? Uliweza kuvuta pumzi? Uliona giza, masikio yalivuma, ulijikojolea? Kesho yake sauti ilikuwaje, mate yalipita? Hapo mama anainua mkono wake mwenyewe na kuuweka kooni bila kuambiwa, na mshauri anaandika: mkono wa kulia, kidole gumba chini ya taya. Ukishapata hilo, kikao kinasimama na mama anapelekwa kwa daktari siku hiyohiyo, hata kama shingo haina alama. Mara nyingi haina. Mshipa wa shingo ukichanika kwa ndani, kiharusi kinaweza kuja siku kadhaa baadaye. Tafuta vidoti vyekundu kwenye kope na weupe wa macho. Aliyewahi kukabwa na mwenza wake yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuuawa na mtu huyohuyo, na ndiyo maana tathmini ya hatari ya muuguzi Jacquelyn Campbell, yenye maswali 20, inaliuliza jambo hili. Usiache sehemu ya kalenda inayokuja nayo: mama akiweka alama kwenye tarehe za mwaka uliopita, anaona mwenyewe kwamba vipigo vimekaribiana.

Wakalimani. Tangu 2008 jeshi lilikuwa na mpango wa MAVNI ulioandikisha wahamiaji wenye lugha adimu, Kiswahili kikiwemo, kwa hiyo familia zetu zipo kambini, na jamii ni ndogo. Mkalimani wa karibu anaweza kuwa anasali kanisa moja na mume au wako chama kimoja. Chukua wa simu, wa jimbo lingine, na usitaje jina la mteja. Mtoto asitafsiri kamwe, wala askari mwenzake. Muulize mkalimani Kiswahili chake ni cha wapi. Kwa Wakongo wa upande wa Katanga, "kupiga" hutamkwa "kupika," na mtu wa Dar asiyejua hilo atakwama au atakisia. Ninamwagiza mkalimani asilainishe. Maneno mazito ya mama yaandikwe kwa Kiswahili kama alivyoyasema, tafsiri ikae pembeni, nami nayasoma yote mawili.

Kwenye usimamizi wenyewe, kila mshauri anakaa nami saa moja kwa wiki, na kwa mwezi ninasoma faili zake tano ninazozichagua mimi. Yeye akichagua ataleta zile nzuri. Ninachokitafuta kwanza ni herufi ya pembeni. Kila sentensi inayohusu tukio ina herufi: P ikitoka polisi, K kwa kamanda, H hospitali, M kwa mke, Y kwa yeye mwenyewe mtuhumiwa. Sheria ni moja, haina mjadala: mshauri wa mume haulizi swali linalotokana na sentensi ya M. Swali dogo tu, "na ile ya mwezi wa tatu je?", linatosha kumwambia mume kwamba mke amesema. Akitaka kuigusa hiyo ya mwezi wa tatu, aitafute kwenye P au asubiri ije yenyewe kwenye Y. Faili ni mbili, makabati mawili, kwa kuwa mume naye ana haki ya kuomba rekodi zake.

Makamanda hupiga simu, na mshauri kijana akisikia cheo anaanza kumwaga kila kitu. Tunafanya mazoezi ya simu hiyo kwa sauti, mimi nikiwa kamanda. Anachopewa ni kama askari anahudhuria, kama tunaona hatari, na tunapendekeza nini kuhusu usalama. Yaliyosemwa chumbani yanabaki chumbani.

Amri ya kamanda ya kumzuia askari asimkaribie mke, ile ya fomu DD 2873, hutoka haraka, hata siku hiyohiyo, lakini polisi wa mjini hawaitekelezi. Mama anayeishi nje ya geti na karatasi hiyo peke yake hajalindwa. Aende pia mahakama ya kiraia. Zuio la mahakama lina nguvu hata ndani ya kambi kwa sheria ya 2002, iliyopitishwa mwaka uleule ambao wake wanne wa wanajeshi waliuawa ndani ya wiki sita hivi pale Fort Bragg, North Carolina. Na muulize kuhusu bunduki za nyumbani, si ya ghala la jeshi tu.

Kinachowanyamazisha wengi ni mshahara. Tangu 1996, askari akihukumiwa hata kwa kosa dogo la ukatili wa nyumbani haruhusiwi kumiliki silaha, na askari asiye na silaha kazi imekwisha. Mke anajua hilo, mume anamkumbusha kila siku. Wachache wanaambiwa kwamba askari akiachishwa kazi kwa kuinyanyasa familia yake, mke na watoto wanaweza kulipwa fidia ya mpito kila mwezi, kuanzia miezi 12 hadi 36. Ila inakatika akirudi kuishi naye au akiolewa tena, na inategemea sababu iliyoandikwa kwenye karatasi za kumwachisha. Kwa hiyo mtetezi wa wahanga afuatilie maneno ya karatasi hizo mapema, kabla hazijasainiwa. Kwa aliyeletwa Marekani na mume, tishio ni "nitakurudisha kwenu." Ipo fomu I-360, mke aliyenyanyaswa na raia wa Marekani au mwenye makazi ya kudumu anajiombea mwenyewe haki ya kuishi Marekani, saini ya mume haihitajiki na idara ya uhamiaji hairuhusiwi kumwambia. Mwanasheria atafutwe nje, kwa sababu ofisi ya sheria ya kambi huenda imeshamhudumia mume.

Halafu kuna kamati inayoamua kama tukio limefikia vigezo vya kuitwa ukatili. Wanakaa maofisa, mwanasheria, polisi na mtu wa FAP, wanapiga kura. Kamati hiyo haiadhibu mtu, na matibabu hupangwa kwenye kikao kingine cha wataalamu. Mama ayajue haya mapema. Akisikia "haikufikia vigezo" bila maelezo, anadhani ameitwa mwongo na harudi. Mshauri wake ampigie kabla barua haijamfikia, na amwambie mlango wetu uko wazi vilevile.

Mwisho ni uhamisho, na hapa ndipo tunapowapoteza watu. Askari anapata amri ya kuhamia kambi nyingine, samani zinapakiwa, na faili linafika wiki kadhaa baada ya familia. Nimeweka utaratibu huu: siku amri inapojulikana, mshauri wangu anampigia msimamizi wa kambi ya kule, na kwa idhini ya mama wanazungumza watatu kwenye simu moja, miadi ya kwanza inawekwa kabla hawajaondoka. Hati za kusafiria, vyeti vya watoto na nakala ya zuio la mahakama mama anabeba mwenyewe, visipande lori la samani. Namba ya simu ya mtetezi wa huko haihifadhiwi kwenye simu inayolipiwa kwa akaunti ya mume. Anaikariri, na mshauri anamsikiliza akiitaja mara tatu.