17, 20, 22: Miaka 64 ya Fred Risser katika Bunge la Wisconsin

Januari 1957, wakili wa miaka 29 aliapishwa kuwa mbunge mjini Madison, makao makuu ya jimbo la Wisconsin, Marekani. Miezi miwili baadaye Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Tanganyika ilikuwa bado mikononi mwa Mwingereza. Fred Risser alitoka bungeni Januari 2021, akiwa na miaka 93. Hakuna Mmarekani mwingine aliyekaa bungeni muda mrefu hivyo, awe mbunge wa jimbo au wa taifa. John Dingell, mwenye rekodi ya Bunge la Marekani, aliishia miaka 59.

Wengi wanaomwandika huishia kwenye hesabu hiyo ya miaka. Mimi naona wanaacha utamu wenyewe. Miaka haipitishi muswada. Kinachopitisha muswada ni idadi ya watu waliomo ukumbini na mtu anayejua kanuni zinasema nini kuhusu idadi hiyo. Seneti ya Wisconsin ina viti 33, na karibu kila ushindi na kila kipigo alichopata Risser kinaelezeka kwa namba tatu. Ya kwanza ni 17, yaani wingi: chama chenye viti 17 kinachagua rais wa Seneti, kinagawa uenyekiti wa kamati, na kinaamua muswada upi uingie ukumbini na upi ufie kwenye faili. Ya pili ni 20, akidi ya miswada ya fedha, yaani idadi ya chini ya maseneta wanaotakiwa kuwapo. Ya tatu ni 22, theluthi mbili zinazotakiwa kutengua kura ya turufu ya gavana, yaani kupitisha muswada alioukataa.

Kwa msomaji wa huku, mfano wa karibu wa bunge la jimbo ni Baraza la Wawakilishi la Zanzibar: chombo kinachotunga sheria kamili ndani ya muungano, kikiwa na mambo yake, na mengine yakibaki kwa serikali kuu. Tofauti ni kwamba Wisconsin ina mabaraza mawili. Bunge la Chini lina wabunge 99 wanaochaguliwa kila baada ya miaka 2, na maseneta 33 hukaa miaka 4. Shule, barabara, sehemu kubwa ya sheria za jinai, leseni za biashara, chuo kikuu cha jimbo na mishahara ya watumishi wake, yote hayo yanaamuliwa hapo.

Siasa aliikuta nyumbani. Baba wa babu yake alikuwa Clement Warner, askari wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe aliyepoteza mkono vitani. Babu yake Ernest Warner. Na baba yake, Fred E. Risser, seneta kuanzia 1937 hadi 1949 kwa tiketi ya chama cha Progressive. Wote walikaa katika bunge hilohilo. Yeye mwenyewe alitumikia jeshi la majini mwishoni mwa Vita vya Pili, akamaliza sheria Chuo Kikuu cha Oregon mwaka 1952, akagombea Bunge la Chini mwaka 1956 kwa tiketi ya Democrat. Mwaka 1962 ilipoitishwa chaguzi ndogo ya Seneti, alihamia huko na hakutoka tena.

Kiti chake kilikuwa cha wilaya ya 26, katikati ya Madison: jengo la bunge, chuo kikuu, wanafunzi, walimu, watumishi wa serikali. Ni ngome ya Democrat. Katika ngome ya namna hiyo uchaguzi wa Novemba haukutishi, kinachokutisha ni kura za maoni za Agosti, pale mwenzako wa chama anapoona umezeeka. Kuingia kwenye karatasi ya kura hakuhitaji fedha nyingi: mgombea wa Seneti anakusanya sahihi zisizopungua 400 na zisizozidi 800, kati ya katikati ya Aprili na tarehe 1 Juni. Watu waangalifu huleta karibu 800, kwa sababu sahihi ya mtu anayeishi mtaa wa pili, nje ya mpaka wa wilaya, hufutwa, na ukishuka chini ya 400 umekwisha kabla hujaanza.

Kulikuwa na mambo mengine mawili yaliyomlinda. Wisconsin haina ukomo wa vipindi. California iliuweka mwaka 1990 na Michigan mwaka 1992, na huko mtu kama Risser angerudishwa nyumbani mapema. Pili, wilaya za Seneti zenye namba shufwa hupiga kura mwaka wa uchaguzi wa rais. Kwa hiyo kila baada ya miaka 4 wanafunzi waliojitokeza kumchagua rais walikuta jina lake kwenye karatasi hiyohiyo.

Ila kubaki kitini si sawa na kuwa na nguvu. Alipoingia Seneti mwaka 1962, chama chake kilikuwa upande wa wachache, na kilibaki huko. Kuanzia 1967 alikuwa kiongozi wa wachache. Anayeongoza wachache hana muswada anaoweza kuulazimisha. Ana haki ya kusema, ya kuleta marekebisho, na ya kusimama kuhusu utaratibu. Ndiyo shule ya kanuni iliyo bora kuliko zote, maana kanuni ndiyo silaha pekee uliyoachiwa. Uchaguzi wa 1974 ukawapa Wademokrati Seneti kwa mara ya kwanza tangu karne ya 19. Mwaka 1979 katiba ya jimbo ikabadilishwa, naibu gavana akaondolewa kwenye kiti cha kuongoza vikao vya Seneti, na maseneta wakaanza kujichagulia rais kati yao. Risser akakalia kiti hicho, na kwa vipindi alikirudia hadi Januari 2013, kila chama chake kilipofikisha 17.

Jinsi 17 inavyoweza kuning'inia kwa mtu mmoja: mwaka 1995 seneta mmoja wa Republican, George Petak, alipiga kura kukubali kodi ya mauzo ya kujengea uwanja wa besiboli Milwaukee. Wapiga kura wake wakakusanya sahihi za kumwondoa, wakamwondoa Juni 1996, na Seneti nzima ikabadilika mikono, 17 kwa 16.

Muswada wenyewe hupita hivi. Mbunge anapeleka wazo kwa wanasheria wa ofisi ya uandishi na marejeo ya bunge, iliyoanzishwa mwaka 1901 na kuigwa na majimbo mengine. Wao huandika rasimu, tena kwa siri, na kuipa namba. Rasimu inazungushwa kutafuta waungaji mkono. Ikisomwa mara ya kwanza inapelekwa kamati. Hapo ndipo mingi hufa, si kwa kupigiwa kura bali kwa mwenyekiti kutoitisha kikao. Ikipona, kusomwa mara ya pili ni kwa ajili ya marekebisho, mara ya tatu ni kura. Kisha baraza la pili lazima lipitishe maneno yaleyale, neno kwa neno. Gavana ana siku 6, Jumapili hazihesabiwi.

Chukua marufuku ya sigara. Risser alilipigania jambo hilo kwa miongo, dhidi ya chama cha wenye baa, ambacho Wisconsin kina sauti kubwa sana kwa kuwa karibu kila mji mdogo una baa yake. Muswada wa 2007 ulikwama katika Seneti ambayo yeye mwenyewe alikuwa rais wake, jambo linaloonyesha kwamba hata wingi hautoshi ikiwa wenzako kadhaa wanawaogopa wenye baa wa kwao. Mwaka 2009, yeye upande wa Seneti na Jon Richards upande wa Bunge la Chini wakaja na muafaka. Wenye baa walipata muda: sheria ilisainiwa Mei 2009 lakini ikaanza kutumika 5 Julai 2010. Walipata pia kifungu kinachozuia miji kuweka masharti makali zaidi kuliko ya jimbo. Halafu kukawa na ubishi wa kuta. Mahali palipofungwa, kwa sheria hiyo, ni penye paa na kuta za maana zaidi ya mbili. Na ukuta wa maana ni ule ambao uwazi wake haufiki asilimia 25. Kwa hiyo mwenye baa akijenga kibanda cha nje chenye paa na kuta mbili tu, wateja wanavuta. Anayeona kifungu hicho ni kichekesho hajawahi kukaa kwenye kamati ya maridhiano. Bila kibanda kile sheria isingepita.

Sasa tuje kwenye turufu, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Tangu 1930 gavana wa Wisconsin anaweza kufuta sehemu ya muswada wenye matumizi ya fedha na kusaini iliyobaki. Tommy Thompson, gavana wa Republican, alifuta sehemu 290 katika bajeti ya 1987, na katika baadhi yake alifuta herufi mojamoja ndani ya maneno ili yaliyobaki yaunde neno ambalo bunge halikuliandika. Kutengua kulihitaji 22, na 22 hazikuwapo. Seneti ikaenda mahakamani. Mwaka 1988 Mahakama Kuu ya jimbo ikasema gavana yuko sahihi. Risser akajaribu mahakama za shirikisho, na mwaka 1991 mahakama ya rufaa ikamkatalia: katiba ya Marekani hailizuii jimbo kumpa gavana wake nguvu hiyo.

Njia iliyofanya kazi ilikuwa ya polepole. Kurekebisha katiba ya Wisconsin kunahitaji azimio lilelile lipite katika mabunge mawili mfululizo, yaani uchaguzi uwe umepita katikati, ndipo liende kwa wananchi. Gavana hana turufu juu ya azimio hilo. Aprili 1990 wananchi walikubali: gavana haruhusiwi kuunda neno jipya kwa kufuta herufi. Risser hakuishia hapo. Mwaka 1997, katika kesi yenye jina lake, Risser dhidi ya Klauser, mahakama ilisema gavana anaweza kufuta kiasi na kuandika kiasi kidogo pale tu ambapo tarakimu hiyo ni fedha iliyotengwa kutumika. Ukomo wa mkopo wa hatifungani si fedha iliyotengwa, hivyo hauguswi namna hiyo. Mwaka 2008 wananchi wakazuia pia kuunganisha vipande vya sentensi mbili kuunda sentensi moja.

Angalia kilichobaki. Herufi zimezuiwa, tarakimu hazikutajwa. Mwaka 2023 gavana Tony Evers, Mdemokrati, alipokea bajeti inayoongeza dola 325 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka wa masomo wa 2023–24 na wa 2024–25. Akafuta maneno ya kati, akafuta "20" na kistari, ikasomeka hadi mwaka 2425. Nyongeza ya miaka 2 ikawa ya zaidi ya miaka 400, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ya jimbo ikaikubali, majaji 4 kwa 3. Nguvu ambayo Risser aliipinga mikononi mwa Republican sasa inatumiwa na wa chama chake. Alichokuwa anatetea yeye, nadhani kwa haki, ni haki ya bunge kusomwa kama lilivyoandika.

Namba 20 ilikuja kujulikana dunia nzima Februari 2011. Gavana Scott Walker alileta muswada wa kuwanyang'anya watumishi wengi wa umma haki ya kujadiliana mikataba ya hali bora, ukiwa umeunganishwa na masuala ya fedha. Republican walikuwa 19, Democrat 14. Katiba inataka sehemu tatu kati ya tano za maseneta wote wawepo kwa muswada wa fedha: 33 mara 3 gawa kwa 5 ni 19.8, yaani watu 20. Pungufu mmoja. Tarehe 17 Februari Wademokrati wote 14, Risser akiwa na miaka 83, walivuka mpaka kuingia Illinois. Kwa nini mpaka? Seneti ina mamlaka ya kuwalazimisha watoro kuhudhuria, lakini polisi wa Wisconsin hana nguvu nje ya jimbo. Wenzao waliobaki wakawawekea faini ya dola 100 kwa siku, na mishahara ikazuiwa isiingie benki hadi mhusika aje kuichukua mwenyewe ukumbini.

Kasoro ya mbinu hiyo ni kwamba akidi ya 20 inafuata maudhui ya muswada, haifuati muswada wenyewe. Tarehe 9 Machi Republican walichomoa vifungu vya fedha, wakabakiza vya vyama vya wafanyakazi, na hapo akidi ikarudi kuwa 17. Wakapitisha kwa 18 dhidi ya 1 ndani ya dakika chache. Wale 14 walirudi Madison 12 Machi, mbele ya umati mkubwa, sheria ikiwa imeshasainiwa.

Mwaka huohuo mipaka ya wilaya za uchaguzi ilichorwa upya. Mwaka 2012 wagombea wa Democrat wa Bunge la Chini walipata kura nyingi kuliko wapinzani wao, wakaambulia viti 39 kati ya 99. Kuanzia 2013 hadi alipoondoka, Risser alikuwa tena upande wa wachache, kama alivyoanza. Aliendelea kuleta muswada wa kufuta sheria ya 1849 dhidi ya utoaji mimba, bunge baada ya bunge, nao ukifia kamatini. Julai 2025 Mahakama Kuu ya jimbo ilitamka kwamba sheria hiyo imeshapitwa na sheria zilizofuata.

Machi 2020 alitangaza kwamba hatagombea tena. Wademokrati 7 wakajitosa kwenye kura za maoni za wilaya ya 26. Kelda Roys akashinda, akaapishwa Januari 2021, baada ya uchaguzi wa 2020 kuwaachia Warepublican viti 21 vya Seneti, kimoja pungufu ya 22.