Kuondoka kwenye mti kabla haujaisha

Wiki hii kichwa changu kimejaa mambo ya wanyama wanavyotafuta chakula, hasa lile swali la unaondoka saa ngapi. Yaani uko juu ya mwembe, maembe ya karibu ushachuma, yaliyobaki yako huko kwenye vijitawi, unaendelea kupanda au unashuka uende mti mwingine? Mwaka 1976 Eric Charnov, mwanabiolojia wa Marekani, aliipigia hesabu: shuka pale unachopata hapo kikishuka kufikia wastani wa unachoweza kupata eneo zima, ukihesabu na muda wa njiani. Kwa hiyo mti mwingine ukiwa mbali unakaa zaidi, ukiwa jirani unashuka mapema, hata kama maembe bado yapo.

Halafu 2011 watafiti Hayden, Pearson na Platt wakaja kuangalia ndani ya ubongo wa tumbili. Tumbili anapewa juisi, kila akichagua palepale inapungua kidogo, akitaka kuhama anasubiri kwanza, kusubiri ndio safari yenyewe. Kuna niuroni, yaani seli za neva, za sehemu moja katikati huko mbele ya ubongo, inaitwa singuleti, kila raundi zinazidi kuwaka, zinapanda, zinapanda, zikifika kiwango fulani tumbili anahama. Na safari ikiwa ndefu kile kiwango nacho kinakuwa juu zaidi. Hapo niliweka simu chini kidogo aisee.

Nikamfikiria mdogo wangu maana kaacha kazi tena na nyumbani wote wanasema hatulii, mama ndio kabisa. Lakini yeye hana mtoto, hana kodi ya nyumba, fundi simu popote anafungua meza, mti wake wa pili uko hapo tu. Mimi nina watoto wawili shule na mkopo, wangu uko ng'ambo ya mto, alafu watu wananisifu eti nimetulia!

Na kukaa kwenyewe sio bure. Gill na Wolf walichapisha 1975 utafiti wao wa wale chozi wenye mabawa ya dhahabu kule karibu na Ziwa Naivasha, ndege mdogo tu anayekunywa nekta, yale maji matamu ya maua, wakakuta kufukuza wezi kwenye maua yake kunamla nguvu kama mara 3 ya kule kutafuta chakula chenyewe. Kwa hiyo analinda pale tu maua yake yana nekta ya kumfidia, yaani anashiba haraka anapata muda mwingi wa kukaa tu tawini. Kama nekta imejaa kila mahali ugomvi wa nini sasa, anaachia.

Mama akipiga Jumapili nitajaribu kumwelezea, ingawa najua ataniuliza chozi analipa bili gani.