Kutoka Mbeya hadi Kalenga, kupitia Varennes

Julai ya Mbeya baridi yake haina adabu. Saa 11 na nusu alfajiri tulikuwa stendi, mpwa wangu na tranka lake na ndoo, mimi na chupa ya chai. Alikuwa anarudi shuleni Iringa kuanza kidato cha sita, mchepuo wa HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza. Dada yangu alinipa kazi mbili: nimfikishe mwanaye salama, na njiani nimsaidie historia, maana nililifundisha somo hilo miaka 11 kabla sijafungua duka la steshenari.

Uyole tuliipita giza halijaisha, magunia ya viazi ya lumbesa yamesimama kando ya barabara kama watu wanaosubiri lifti. Kulipopambazuka tulikuwa Igurusi, kwenye mashamba ya mpunga, na binti akafungua kaunta buku lake. "Sababu za Mapinduzi ya Ufaransa," akasoma. "Moja, udhaifu wa mfalme Louis XVI. Mbili, mchango wa wanafalsafa. Tatu..." Alisoma kwa sauti ile ile ambayo ungesomea orodha ya vifaa vya bweni. Kisha akafunga.

"Mjomba, kuna kitu sikielewi. Mwaka 1789 walitaka katiba tu, mfalme walikuwa wanampenda. Mwaka 1793 wamemkata kichwa. Hapo katikati pameingia nini?"

Lilikuwa swali zuri kuliko noti zake zote. Nikaanzia kwenye deni. Serikali ya Ufaransa ilikuwa imefilisika, sehemu moja kwa sababu ya kuwasaidia Wamarekani kupigana na Waingereza. Ili apate kodi mpya, mfalme akaita Baraza la Matabaka, ambalo halikuwa limeketi tangu 1614. Likafunguliwa Versailles, mji wenye jumba la mfalme nje ya Paris, tarehe 5 Mei 1789. Wawakilishi wa Tabaka la Tatu, yaani wote wasio makasisi wala makabaila, wakataka kura zihesabiwe kwa vichwa, si kwa tabaka. Walipokataliwa wakajiita Bunge la Taifa. Siku tatu baadaye wakakuta ukumbi umefungwa, wakaenda kuapa kwenye ukumbi wa kuchezea tenisi kwamba hawatatawanyika mpaka katiba ipatikane. Bastille, ngome ya gereza pale Paris, ikaanguka tarehe 14 Julai, na Agosti likaja Tamko la Haki za Binadamu na Raia. Mambo makubwa hayo, lakini mfalme bado yupo na bado wanampigia vigelegele. Hata Oktoba, wanawake wa Paris walipotembea hadi Versailles kudai mkate, walirudi naye mjini wakimwita mwoka mikate. Walimtaka awe karibu nao.

Nilikuwa hapo basi lilipotoa mlio kama wa sufuria inayofurika. Tulikuwa tumeiacha Chimala nyuma kidogo. Mvuke ukapanda mbele ya kioo. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka.

Utingo akakata matawi akayapanga barabarani. Saa ya kwanza ilikuwa ya undugu mtupu. Mama mmoja wa siti za mbele alimpa dereva chapati, mzee mmoja akajitolea maji ya dumu lake. Saa ya pili tukachagua watu watatu wakamuulize dereva kwa heshima tutaondoka saa ngapi. "Dakika ishirini," akasema. Baada ya dakika arobaini akasema tena dakika ishirini. Watu walinung'unika, ila bado walikuwa wanamwita "bosi".

Ndipo mtu akapiga kelele kutoka kule vichakani alikokwenda kujisaidia: konda kapanda bodaboda, na mfuko wa nauli anao!

Sijawahi kuona hali ikigeuka kwa kasi namna ile. Wale watatu tuliowatuma hawakusikilizwa tena. Walikuwa wapole mno. Waliotaka kujua saa sasa walitaka nauli yao. Kijana mmoja wa siti ya nyuma, ambaye tangu Mbeya hakuwa amefungua mdomo, aliingia kwenye basi akachomoa ufunguo akautia mfukoni. Na yule mama wa chapati akasema yeye tangu asubuhi alimshtukia konda yule kwa macho yake tu.

Nikamgusa mpwa wangu bega. "Fungua daftari. Andika Varennes."

Usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 Juni 1791, Louis alitoroka ikulu yake ya Tuileries na familia yake. Mlezi wa watoto alijifanya mwanamke tajiri wa nje, malkia akajifanya mlezi, na mfalme akavaa kama mtumishi. Walipanda gari kubwa la farasi, zito, lililosheheni vyakula na mizigo, badala ya magari mawili mepesi ambayo yangekwenda mbio. (Mtu anayejua kukimbia habebi mzigo wa namna ile. Alikuwa hajawahi kubeba begi lake mwenyewe, angejuaje?) Njiani mikanda ya farasi ikakatika, wakachelewa kwa saa kadhaa. Wanajeshi waliopangwa kuwapokea walichoka kusubiri wakaondoka. Katika mji wa Sainte-Menehould msimamizi wa kituo cha farasi, Drouet, aliitambua ile sura, akapanda farasi na kuwahi mbele. Usiku wa tarehe 21, karibu saa 5, mfalme alizuiwa katika mji wa Varennes, akalala kwa mwenye duka la vyakula. Alikuwa amesafiri zaidi ya kilomita 200. Sisi Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya 300.

Kilichommaliza ni barua. Alikuwa ameiacha Paris kwa mkono wake mwenyewe, akieleza kwamba mageuzi yote aliyoyakubali tangu Oktoba 1789 aliyakubali akiwa kama mfungwa. Sasa weka nafsi yako mahali pa mbunge mpole aliyetumia miaka miwili kuandika katiba ambayo mfalme ni nguzo yake. Nguzo imetoroka, na imeacha maandishi kwamba haikuwahi kukubali. Bunge likajifanya mfalme alitekwa. Nani angeamini? Aliporudishwa Paris umati ulisimama kimya, kwa sababu yalibandikwa matangazo: atakayemshangilia atachapwa, atakayemtukana atanyongwa. Mwezi uliofuata, kwenye uwanja wa Champ de Mars, walinzi wa taifa waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika kutia saini ombi dhidi ya mfalme. Tangu hapo mpole na mkali hawakuaminiana tena.

"Kwa hiyo ni safari?" mpwa wangu akauliza.

"Mimi nasema ni safari. Mwalimu wako atataka pointi sita, mpe."

Bodaboda ikarudi. Konda alishuka na mpira mpya begani kama nyoka, na fundi nyuma yake. Alikuwa ameenda Chimala, na mfuko wa hela aliuchukua kwa sababu spea hazitolewi bure. Hakuna aliyemwomba radhi. Kijana mwenye ufunguo alikataa kuurudisha mpaka aone risiti, na risiti ilipoonyeshwa akauliza mbona haina mhuri.

Makambako tulifika alasiri, upepo unakata masikio. Tulikula wali nyama wima wima, na hapo nikamaliza vita: Aprili 1792 Ufaransa ikaitangazia Austria vita, ikashindwa mwanzoni, halafu kamanda wa majeshi ya adui akatoa tangazo kwamba Paris itaangamizwa mfalme akidhurika. Alidhani anamlinda. Tarehe 10 Agosti umati ulivamia Tuileries, na Septemba ufalme ukafutwa. Januari 1793 wabunge waliopiga kura ya kifo bila masharti walikuwa 361 kati ya 721. Louis alikatwa kichwa tarehe 21.

Kutoka Mafinga, misonobari ikikimbia dirishani, nilimwambia habari ya Robespierre tu, mbunge aliyekuja kuwa kiongozi wa wale wakali. Mei 1791 alisimama bungeni kuomba adhabu ya kifo ifutwe kabisa. Desemba 1792 akasema mfalme lazima afe ili taifa liishi. Mwaka uliofuata ikapita sheria ya kukamata washukiwa, na mpaka yeye mwenyewe anapelekwa kwenye gilotini, Julai 1794, karibu watu 17,000 walikuwa wameuawa kwa hukumu. Mpwa wangu hakuandika. Alikuwa anamtazama kijana wa ufunguo, aliyelala mdomo wazi.

Kesho yake tulikuwa na nusu siku, tukachukua bajaji hadi Kalenga. Mzee wa makumbusho alitupokea kwa "kamwene", akatupeleka kwenye kijumba ambamo fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, limo ndani ya kioo. Ni dogo kuliko unavyotarajia kwa mtu aliyewapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891. Alijipiga risasi Julai 1898 ili asikamatwe, wakachukua kichwa. Lilirudishwa 1954, na gavana Twining.

Nikamwonyesha mpwa wangu kitu ambacho huwa hakimo kwenye noti: mkataba wa kumaliza Vita vya Kwanza vya Dunia, uliowadai Wajerumani walirudishe fuvu hili, kifungu cha 246, ulitiwa saini 1919 Versailles, ndani ya jumba lile lile alilotolewa Louis na wanawake wenye njaa.

Akainama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. "Yule walimkata watu wake," akasema polepole. "Huyu watu wake walimdai miaka hamsini na kitu."

Mzee akafuta kioo kwa kiganja cha mkono. Nje dereva wa bajaji alikuwa anapiga honi. Tranka na ndoo vilikuwa bado kwenye kiti chake, na geti la shule linafungwa saa 10.