Jiko la gesi, Kasumbalesa

Siku ya 11 kwenye foleni ya malori ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, jirani yangu wa semi ya nyuma, mtu asiyejua kunyamaza, aliniletea jiko lake la gesi na blanketi. "Chukua kaka, mimi basi tena."

Mafuta yaliibwa njiani, tajiri anamkata mshahara, na nyumbani simu haipokelewi.

Nikamuuliza wazi: unafikiria kujiua? Wanasema ukiuliza unamtia wazo. Si kweli. Alilia kama mtoto. Alikuwa anaogopa kusema, maana kwetu Tanzania kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya jaribio lenyewe kuwa kosa.

Nilichukua funguo zake, tukalala kabini moja. Tunduma kaka yake akampokea, wakaenda hospitali.

Jiko nilimrudishia. Chai yake bado mbaya.