Siku moja maishani mwangu: mlimani kwenye mabaki ya ndege ya mafunzo

Saa 10 alfajiri. Sijalala, nilijilaza tu na nguo. Jana jioni simu ya kwanza ilisema ndege ya mafunzo haionekani, saa 9 usiku ya pili ikasema waokoaji wamefika na hakuna aliyepona. Watu wawili, mwalimu na mwanafunzi wake. Mi ni mpelelezi wa ajali za ndege jeshini, zamani nilikuwa fundi wa injini, na kwa saa hizi sitaki kuambiwa zaidi ya hapo, maana ukipanda na jibu tayari kichwani utaona yale tu yanayokubaliana nalo.

Saa 12 asubuhi. Helikopta imetuacha bondeni, juu ni ukungu mtupu, tunapanda kwa miguu na mizigo. Njiani nawawaza wale vijana waokoaji waliopanda gizani kabla yetu. Ndege ikigonga kuna kifaa cha dharura kinajiwasha chenyewe, kinaita satelaiti kwa masafa ya redio ya 406 MHz, afu kinatoa mlio mwingine dhaifu wa 121.5 MHz ambao unaufuata na antena ya mkononi ukishakaribia, na kama kifaa hakina GPS ndani yake satelaiti inakupa eneo la kilomita kama 5 tu, sasa kilomita 5 za mteremko wenye msitu usiku ni kitu kingine kabisa, na walitembea muda wote huo wakiamini kuna mtu anapumua.

Saa 3. Tumefika. Hakuna kugusa kitu, hata kiwe kidogo vipi. Anatangulia fundi wa silaha peke yake kwa sababu viti vya kujirusha, vile vinavyomtupa rubani nje ya ndege wakati wa hatari, vina baruti na roketi chini yake, na kiti ambacho hakijafyatuka kinaweza kumuua mwokoaji siku ya pili. Anakaa kule muda mrefu akichomeka pini za usalama. Akarudi akasema tu, vishikio vyote viwili vya kujirusha havijavutwa. Hakuna aliyejibu. Inaweza kuwa hawakuuona mlima, inaweza kuwa waliuona wakadhani watauvuka, au sekunde hazikutosha. Nimeandika hivyohivyo: havijavutwa.

Saa 4. Tunavaa barakoa na glavu, maana vumbi la kaboni iliyoungua likiingia kifuani halifai. Afu tunatafuta ncha nne: pua, mkia, ncha ya bawa la kulia na la kushoto. Ukizipata zote sehemu moja ujue ndege ilifika ardhini ikiwa nzima, haikuanza kukatika angani. Tumezipata zote. Na miti ilivyokatwa vilele, cha chini, cha chini zaidi, unaweza kupima ndege ilikuwa inashuka kwa pembe gani. Hapa ilikuwa inaruka karibu kimlalo, haikuwa inashuka sana.

Saa 6. Daktari na timu yake wanawachukua marehemu. Tunasimama wote mpaka wapite. Kabla ya chochote daktari amewafunika mikono kwa mifuko, kila mkono peke yake, kwa sababu mifupa ya kiganja na ya mguu inaweza kuonyesha nani alikuwa ameshika na kukanyaga nini wakati wa kugonga. Nimefanya hii kazi miaka mingi na hapo kwenye mikono bado pananishinda.

Saa 8. Sasa ni sehemu yangu. Pangaboi la ndege, lile la kwenye pua, limezikwa nusu, tumelichimbua kwa mikono. Mapanga yake yote yamepinda kwa namna moja na yana mikwaruzo ya kukata udongo, yaani injini ilikuwa inasukuma kwa nguvu, ingekuwa imezima ungekuta moja mawili yamelala nyuma na mengine mazima. Nimefungasha pia balbu za taa za onyo. Balbu iliyokuwa inawaka, ule uzi wake wa ndani huwa laini kwa joto, kishindo kinauvuta unarefuka. Iliyozimwa, uzi wake haurefuki, unakatika tu au unabaki ulivyo. Hizo zitasomwa maabara, si hapa.

Saa 10 jioni. Simu za kutoka chini, zote zina swali moja: nani alikuwa anaendesha? Nawaelewa, ila linanichoma, kwa sababu nikitaja jina leo kuna nyumba moja italala na msiba na nyumba nyingine italala na msiba pamoja na lawama. Na ukweli wa chuma ni huu, kwenye ndege ya mafunzo usukani wa mbele na wa nyuma umeunganishwa, mmoja akivuta na wa mwenzake unakuja. Nimeikuta mirija inayounganisha sukani hizo, imepinda lakini imeshikana bado, kwa hiyo sukani zenyewe haziniambii ni mkono wa nani.

Saa 12 jioni. Tunashuka, walinzi wanabaki na mabaki. Mmoja ni kijana wa kozi moja na yule mwanafunzi, aliomba mwenyewe zamu ya usiku. Akanifuata pembeni.

"Afande, ni yeye alikuwa ameshika?"

"Sijui, mdogo wangu. Sikufichi, sijui."

Akaitikia kwa kichwa. Nikampa koti langu la mvua maana ukungu ulishaanza kurudi, akalivaa, akaenda kusimama upande wa chumba cha rubani.