Ukwaju na Medali

Juzi binti yangu alikuwa anasugua sinia la shaba kwa ukwaju pale uani. Harufu ilinipanda puani nikamwambia asogee pembeni. Julai 25 inakaribia, na Siku ya Mashujaa kwangu hunuka ukwaju.

Baba Mkubwa mnamjua, yule wa Ngamiani, hapa Tanga. Aliondoka mgambo, akarudi na medali na goti bovu. Medali ilikaa kwenye kopo la maziwa, imeviringishwa kipande cha leso, na hutoka mara moja kwa mwaka. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na moja. Akaniambia, "Ing'arishe, mwanangu. Kesho asubuhi naivaa."

Shaba haitaki haraka. Unavua utepe kwanza. Utepe usipotoka, unakata kipande cha boksi na kukipenyeza kati ya utepe na chuma. Ukwaju unalowekwa kwa maji ya vuguvugu, chumvi kidogo, unapaka, unasugua dakika mbili kwa kitambaa laini, unasuuza kwa maji mengi. Ukali wa ukwaju ukibaki kwenye maandishi, wiki haiishi kutu ya kijani imerudi. Wanaotumia majivu wayachekeche. Punje moja ya mchanga inaacha mkwaruzo wa maisha.

Hayo nayajua leo. Usiku ule niliitumbukiza nzima bakulini, nikaenda kulala.

Alfajiri Baba Mkubwa alirudi msikitini akanikuta nimechuchumaa mbele ya bakuli. Utepe ulikuwa umechuja, rangi zimeingiliana, maji yamekuwa kama ya mchicha. Nikajikunja nikisubiri kofi. Hakunipiga. Aliitoa kwa vidole viwili, akaomba maji, akasuuza mara tatu, akaukamua utepe taratibu kama anayekamua nguo ya mtoto mchanga. Aliukamua muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

"Masaka, kule Uganda," akasema, "kulikuwa na mtungi wa maua kibarazani. Mtungi mzima kabisa. Nyumba yenyewe haipo."

Nikauliza nani aliibomoa.

"Lete pini."

Akaivaa mbichi hivyo hivyo. Shati lilipata waa kifuani ambalo Mama Mkubwa hakuliweza hata kwa jiki. Uwanjani alisimama juani, goti lile lile, na wimbo wa Taifa ulipopigwa kijana mmoja alibaki amekaa. Baba Mkubwa alimtazama mpaka akainuka.

Tanga tumezoea kupitiwa na vita. Novemba 1914 Waingereza na Wajerumani waliupigania mji huu, na ukimuuliza mtu leo atakusimulia nyuki waliowavamia askari kabla ya kukusimulia risasi. Ila Vita vya Kagera vilikuwa vyetu. Idi Amin wa Uganda ndiye aliyevuka mpaka mwaka 1978, hilo sina ubishi nalo. Rais akiweka mkuki na ngao mnarani, Mkuu wa Majeshi akaweka sime, nasimama, hata nikiwa peke yangu sebuleni. Halafu mtungi ule unanijia, nakaa.

Medali ninayo mimi sasa, kwenye kopo lile lile. Binti ameiona.

"Babu alishinda?"

Nikamwambia Kampala iliangushwa Aprili 11, 1979.

"Sijauliza Kampala, baba."